Nafasi ya Tatu Kambani

Dakhalia ya Chuo, Makunduchi
20 Oktoba 2023

Dada Faiza,

Assalaam alaykum. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila nikifika kwenye jina la marehemu nnaiacha. Basi nitasema tu: Mungu amrehemu mumeo Hamad, na wewe akupe usingizi, maana nimeambiwa hulali. Tulipokuja Vuga kwenye msiba sikuweza kukwambia neno. Chumba kilijaa watu wazima, mimi nilikaa karibu na mlango, nikawa nnakutazama miguu tu.

Barua hii anakuletea Bi Shemsa, matroni wetu hapa bwenini. Kila Ijumaa anakwenda kwao Mkunazini, na anasema kutoka hapo hadi kwenu si mbali. Amenambia simu umeizima tangu siku ya ajali kwa sababu ina sauti zake. Sikuuliza zaidi. Nitakuandikia.

Juzi Mwalimu Msabah alituita uwanjani, sote saba tuliobaki wa timu ya kamba. Akasema, "Faiza yumo edani, miezi minne na siku kumi. Mashindano ya vyuo ni mwezi wa Machi, kwa hivyo atawahi. Mpaka hapo ametutajia nahodha wa kumshikia nafasi." Kisha akanitaja mimi.

Dada Faiza, kwa nini mimi? Khairiya aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Kila mtu alijua atatajwa yeye, na yeye mwenyewe akijua. Mimi ndiye mwembamba kuliko wote, na sauti yangu hata darasani naambiwa nirudie.

Nafasi yako tumeiacha. Wewe ulikuwa wa tatu, na tukishika kamba sasa, kati ya wa pili na mimi wa nne panabaki uwazi wa mtu mmoja. Hakuna aliyeagiza. Tulisimama kama tulivyozoea, tukajikuta hakuna anayethubutu kusogea.

Niambie wewe ulikuwa unafanyaje.

Mdogo wako,
Nadhira


Vuga, Mjini
27 Oktoba 2023

Nadhira mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Wanaokuja hapa wote wananambia nivumilie. Wewe umenambia viatu vya Khairiya, nikacheka. Nilicheka kwa sauti, na Bi Amne, mama yake Hamad, akatokea mlangoni. Nikadhani nimemkosea. Akanitazama, akasema, "Cheka, mwanangu. Na yeye alikuwa mcheshi." Akarudi jikoni.

Maisha yangu sasa ni chumba hiki, choo, na ukumbi wa nyuma ambako Bi Amne anaanika nguo. Sivai mapambo, sijitii manukato. Harufu ya asumini ikipanda kutoka njiani jioni najigeuza upande wa ukuta. Lakini nnayo nafasi kubwa ya kukumbuka, na nimegundua kwamba nikitaka kujipumzisha na ajali ile huwa nakukumbukeni nyinyi.

Unakumbuka tulivyoanza? Netiboli ilikuwa imejaa, mbio zimejaa, hata mpira wa mikono umejaa. Mwalimu Msabah akatoka ofisini akasema mchezo uliobaki kwa wasichana ni kuvuta kamba, anayetaka na aje. Tukaja mabaki yote. Kamba yenyewe tuliazima kwa mjomba wake Mwatum, kamba ya kufungia mizigo, ngumu kama waya. Usiku tukawa tunapakana mafuta ya nazi viganjani, hakuna anayeweza kushika kalamu, na kesho yake mwalimu wa Kiswahili anauliza kwa nini darasa zima linaandika kama watoto wa chekechea.

Uliniuliza nilikuwa nafanyaje. Nilikuwa napiga kelele. Mungu kanipa sauti, nikaitumia. Wewe hukupewa, basi usiiazime yangu. Nilikutaja kwa jambo moja tu. Siku ile Mkokotoni tuliposhindwa vibaya, sisi sote tulikuwa tumeshapanda gari tunalaumiana. Wewe ulikuwa bado uwanjani, umeinama, unamtafutia Mwatum ndala yake iliyokatika. Hapo nikasema, kumbe huyu.

Februari si mbali. Nishikieni nafasi yangu.

Faiza


Dakhalia, Makunduchi
19 Novemba 2023

Dada Faiza,

Nimeisoma barua yako kwa wenzangu, isipokuwa pale pa ndala. Walifurahi sana.

Timu ni nzima, alhamdulillah. Tunafanya mazoezi kila alasiri na wote wanakuja. Mwatum ana udhuru kidogo wa nyumbani, siku nyingine hawahi. Sikukusikia uliponiambia nisiazime sauti yako. Jumanne nilisimama mbele nikapiga kelele kama wewe, "Kaza! Moja! Kaza!" Sauti ikapasuka katikati. Khairiya akauliza, "Jamani, nani kamkanyaga paka?" Walicheka mpaka kamba ikaanguka chini. Nami nilicheka, kisha nikaenda kuoga mapema.

Sasa nimeacha. Ninachofanya ni kumfuata mmoja mmoja. Mtu akitoka darasani natembea naye mpaka uwanjani, na njiani namuuliza mambo yake. Wengine wananishangaa. Mmoja aliniuliza kama nimetumwa na mwalimu kumpeleleza. Sijui kama huku ndiko kuongoza. Pengine ni kuzurura tu.

Kila tukimaliza mazoezi tunakaa pale kwenye matofali kando ya uwanja, na kila siku hapakosi mtu wa kusema, "Siku ile Faiza alivyomjibu refa!" Halafu wote wanasimulia pamoja.

Usiwe na wasiwasi nasi. Kula tu, na ulale.

Nadhira


Vuga, Mjini
1 Disemba 2023

Nadhira,

Jana mvua ya vuli ilipiga mabati ya jirani kutwa nzima. Nikakumbuka siku tuliyofanya mazoezi mvuani, uwanja ukageuka tope jekundu, kila tukivuta tunakwenda chini sote kama ngoma ya watoto. Hamad alikuwa nje ya mstari na Vespa yake, kalowa chapachapa, kanishikia mfuko wa kachori ndani ya shati zisirowe. Na kwa furaha yake akawa anapiga kelele, "Sukumeni! Sukumeni!" Nikamgeukia kwa hasira, "Kamba haisukumwi, bwana!" Tangu hapo akawa Bwana Sukumeni kwa timu nzima. Hata Mwalimu Msabah, siku moja alijisahau akamsalimia kwa jina hilo.

Hapa nyumbani hakuna anayelijua jina lile. Wanamtaja kwa wema wake, sala zake, alivyompenda mama yake, na yote kweli. Lakini Bwana Sukumeni mko naye nyinyi tu. Mkikaa pale kwenye matofali mtajeni mara moja moja.

Mimi sijambo. Mwili umechoka kidogo, na chakula hakinipandi, hasa asubuhi. Bi Amne ananipikia uji mwepesi, ananikalia kitako mpaka nimalize. Amekuwa mpole mno kwangu siku hizi, mpaka naona haya.

Hiyo ya kumfuata mtu mmoja mmoja, mimi sikuwahi kuifanya. Nilikuwa nawaona nyote kwa pamoja, kama kamba yenyewe. Endelea kuzurura.

Na Nadhira, usinihesabie siku. Zitakwenda zenyewe.

Faiza


Dakhalia, Makunduchi
7 Januari 2024

Dada Faiza,

Heri ya mwaka mpya. Nina habari ndefu leo.

Ule udhuru wa Mwatum nimekwenda kuuona kwa macho yangu. Siku nyingi alikuwa haji kabisa, na akija anasinzia. Wengine wakasema ameshiba sifa, kwa kuwa yeye ndiye wa nyuma kabisa, kamba inazungushwa mwilini mwake, na bila yeye sisi si kitu. Nikasema ngoja kwanza nikamtazame. Jumamosi moja ya Disemba nikapanda gari mpaka Jambiani kwao.

Nilimkuta baharini, maji kupwa, yeye yumo mpaka magotini, kanga kiunoni, anavuna mwani. Mama yake alianguka tangu Septemba na mguu haujapona. Bamvua likija, yaani siku zile maji yanapokimbia mbali, lazima mwani uvunwe, ukiachwa unakatika unakwenda na maji. Mwatum alikuwa anatoka chuoni alfajiri, anavuna, anarudi kusoma.

Aliponiona akasema, "Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kukuuliza gunia liko wapi."

"Nahodha hapakii mwani."

"Nahodha gani? Nipe gunia, maji yanarudi."

Tukafanya kazi mpaka gunia likajaa. Baadaye, tumekaa ufukweni nyuma ya nyumba yao tunajikamua nguo, akanambia, "Nikisema chuoni, wataniambia niache chuo nikamuuguze mama. Nikisema nyumbani nina mazoezi, wataniambia niache kamba. Nikaona bora ninyamaze." Dada Faiza, Mwatum yule ambaye tukimwegemea hatikisiki, alikuwa analia kwa kukaza meno ili mama yake asisikie.

Bamvua lililofuata tulikwenda sote. Khairiya alikuja na miwani ya jua na soksi nyeupe, akasema yeye mtoto wa mjini atasimamia. Mpaka adhuhuri alikuwa amelowa kifuani, kashika ncha moja ya gunia na Mwatum nyingine, wanapandisha pwani huku wanatukanana kwa mapenzi. Mama yake Mwatum alitulisha wali wa nazi na pweza. Alituuliza sisi ni nani. Khairiya akajibu, "Sisi ni mkono wa Mwatum, mama, ule wa pili."

Nimekwenda kwa Mwalimu Msabah na sasa mazoezi tunayapanga kwa kufuata maji. Bamvua hatuchezi, maji mafu, yasipokwenda mbali, tunacheza mara mbili. Alikuna kichwa, akasema hajawahi kupanga ratiba ya michezo kwa kutazama mwezi, lakini akakubali.

Nafasi yako ipo pale pale. Siku eda itakapokwisha tutakuja na gari kukuchukua. Mwalimu amesharuhusu.

Nadhira


Dakhalia, Makunduchi
14 Januari 2024

Faiza,

Salamu sana. Barua hii Nadhira haijui, na Bi Shemsa nimemwapisha.

Mimi si mtu wa kuzunguka, unanijua. Unahodha niliutaka. Ulipomtaja yule mtoto nilikukasirikia, na msiba ule ukanizuia kukwambia. Sasa nakwambia jambo linaloniwia zito mdomoni: anafaa. Ulipokuwepo wewe tulikuwa tunavuta kwa kukuogopa. Huyu hakuna anayemwogopa hata kidogo. Nilipokuwa na homa aliniletea bakuli la shurba ya moto, akakaa kitandani kwangu ananisomea maelezo ya saikolojia mpaka nikalala, na mtihani nikaufaulu. Sasa akisema njoo, mtu anajiona mshenzi asipokwenda.

Lakini kuna moja linatuua. Tunavuta saba.

Wiki iliyopita tulicheza mechi ya kirafiki na chuo kimoja cha mjini. Wao wanane, sisi saba na hewa. Tuliburutwa kama mkokoteni. Mwalimu Msabah amemwambia kwa upole, kamwambia kwa ukali, amweke Fathiya, msichana wa mwaka wa kwanza, ana mabega kama mchukuzi wa bandarini na anatamani kuingia. Nadhira kakataa. "Nafasi ya Dada Faiza haijazwi." Tulimpigia makofi. Hata mimi nilipiga, mjinga mimi. Kisha tukaenda kushindwa.

Fathiya kila siku anakaa kwenye matofali anatutazama na viatu vyake vya mazoezi miguuni. Nadhira anayezungumza na kila mtu, na huyo hawezi kuzungumza naye.

Haya yeye hatokwambia. Kwako anaandika mazuri tu. Basi nakuuliza mimi: unarudi au hurudi? Kama unarudi, sema. Kama hurudi, sema. Nakupenda, lakini usituweke hivi.

Khairiya


Vuga, Mjini
21 Januari 2024

Nadhira mdogo wangu,

Kaa kitako kabla hujasoma.

Nina mimba. Nilijua Novemba, Bi Amne alijua kabla yangu kwa kunitazama tu. Na eda ya mwenye mimba haimaliziki kwa miezi ile. Inakwisha siku atakayojifungua. Spitali wameniambia Mei. Kwa hivyo Februari sitoki, Machi sitoki, na mashindano yenu yatapita mimi nimo chumbani humu.

Hamad hakujua. Alitoka asubuhi ile ya ajali na Vespa yake, akanambia jioni ataniletea maembe mabichi, kwa kuwa nilikuwa nayataka siku zile na sote wawili hatukujiuliza kwa nini. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Utaniuliza kwa nini nilikuficha. Nilikaa muda mrefu nikijiuliza na mimi. Humu ndani mimi ni mjane. Wageni wakiingia wanapunguza sauti. Ni mama mtarajiwa pia, na kwa hilo wananitazama kwa huruma zaidi. Mahali pamoja tu duniani palikuwa pamebaki ambapo mimi bado ni Faiza yule wa Septemba, msichana mwenye kelele, wa tatu kambani. Kila barua yako ilikuwa inanambia pale pako wazi. Nikawa siwezi kupafunga kwa mkono wangu.

Lakini nimepata habari kwamba mnavuta saba. Usiulize kwa nani. Nadhira, hiyo si heshima kwangu. Mnazipasua nafsi zenu mkivuta na mtu ambaye hayupo, na kuna msichana aliyepo mnamkalisha kwenye matofali.

Mpe Fathiya nafasi ya tatu. Usimpe kama unayeazima, mpe moja kwa moja. Akishika kamba mwite kwa jina lake. Asisikie hadithi zangu kila akikosea.

Waambie wenzio habari hii, wote. Mie siwezi kuandika barua saba.

Nakumbuka vidole vyenu vyote kwenye ile kamba. Nakumbuka hata pete ya Khairiya iliyokuwa ikinikwaruza. Mungu awahifadhi.

Faiza


Dakhalia, Makunduchi
26 Januari 2024

Dada Faiza,

Kwanza nilikasirika. Kisha nikalia. Kisha nikafurahi, na nikaona haya kufurahi.

Nimewaambia uwanjani, tumekaa duara. Nilipofika kwenye neno lenyewe Khairiya alipiga kigelegele, akakumbuka msiba akajiziba mdomo, halafu akaona haiwezekani akapiga tena. Mwatum aliuliza tu, "Hamad alijua?" Nikatikisa kichwa. Tukabaki hapo mpaka jua likashuka, na hakuna aliyezungumzia kamba.

Kesho yake nilimfuata Fathiya. Nimezoea kuwafuata watu, lakini huyu nilimkwepa mpaka mchana. Nilimkuta anafua. Nikamwambia, "Umenikasirikia?"

Akasema, "Hapana, dada. Nilidhani sikupendezi."

Wallahi lilinichoma. Mtu amekaa mbele yangu miezi mitatu na hilo ndilo alilolidhani.

Alipokuja uwanjani alisimama nyuma ya mstari, haingii. "Hapo si ndipo pa Dada Faiza?"

"Hapa ni pa tatu," nikamwambia. "Na wa tatu ni wewe, Fathiya. Shika."

Akashika. Nilikuwa nyuma yake, nikauona mgongo mwingine, mpana, wenye jasho lake mwenyewe. Nilikukumbuka sana. Lakini tulipovuta, kamba ilikaza sawasawa kutoka mbele hadi kwa Mwatum, na sikuwa nimehisi hivyo tangu Oktoba.

Maembe mabichi nimempa Bi Shemsa. Yametoka kwao Fathiya, Kidichi. Sikumwambia ni ya nini.

Nadhira


Vuga, Mjini
2 Machi 2024, Jumamosi baada ya magharibi

Mabingwa wangu!

Hongereni! Nimesikia! Nimesikia yote!

Mlijua kwamba viwanja vya Mnazi Mmoja viko karibu hivi na chumba changu? Sikuwaambia nisije nikawatia kiwewe. Tangu saa tisa nilikuwa nimekaa kitandani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Bi Amne alikuwa anasuka ukili. Akanitazama, akaweka ukili chini, akaenda akafungua dirisha mwenyewe. "Kusikia si kutoka," akasema. Akaketi karibu yangu.

Miti inaziba, hatukuona kitu. Lakini zile sauti! Filimbi, kimya, halafu mngurumo. Nikajua ni mvuto wa kwanza. Filimbi, kimya, mngurumo. Wa pili. Bi Amne akaniuliza, "Sasa bado?" Nikamwambia, "Wakigawana, bado wa tatu." Akanishika mkono. Mama huyu alikuwa anasema mtoto wa kike kuvuta kamba ni kujitafutia ngiri.

Wa tatu ulichukua muda mrefu. Kisha ghafla ukatoka ukelele sijapata kuusikia, watu wanacheka, wanapiga makofi, wanapiga mbinja, hauishi. Nikasema ni wao! Timu gani nyingine ingeshangiliwa hivyo? Nikalia, Bi Amne akalia, na mtoto tumboni akanipiga teke la nguvu mpaka nikainama.

Ni mara ya kwanza tangu Oktoba nimelia na sikuwa na huzuni. Nawashukuru. Nielezeni kila kitu, na kikombe mkiweke mahali pa juu.

Faiza wenu


Dakhalia, Makunduchi
6 Machi 2024

Dada Faiza,

Tulishindwa.

Barua yako niliisoma peke yangu mara ya kwanza, sikujua niiseme vipi. Nikampa Khairiya. Akasoma akasema, "Mwambie tu. Na kelele aliyoisikia ilikuwa yetu kweli, mwambie na hilo."

Mvuto wa kwanza tulichukua. Fathiya alivuta kama amezaliwa na kamba mkononi. Wa pili wakachukua wao. Wa tatu tulisimama pale pale, hakuna anayekwenda mbele wala nyuma, mpaka nikawa siisikii mikono yangu. Kisha tukaanza kuwapata. Kidogo, lakini tulikuwa tunawapata.

Hapo Mwatum aliteleza. Alianguka kwa ubavu, kamba ikambana mgongoni na begani. Refa alikuwa upande wa pili, hakumwona. Wao wanavuta. Nikageuza shingo nikamwona uso wake. Hakupiga kelele, unajua Mwatum. Alikuwa kakaza meno kama siku ile ya Jambiani.

Tukiendelea kuvuta, kamba inazidi kumkaza. Tukiachia, anaburutwa peke yake. Sijui nilifikiri nini. Nilisikia tu sauti inasema, "Mbele! Twendeni mbele sote!" Kumbe yangu. Na Khairiya, Dada Faiza, Khairiya aliyekitaka kikombe kile kuliko sote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Sote tukakimbia mbele na kamba mikononi. Kamba ikalegea. Wale wa upande wa pili, kwa kuwa walikuwa wameegemea kwa nguvu zote, wakaanguka chali wote wanane rundo moja. Huo ndio uliokuwa ukelele wa kwanza, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwatum alipoinuka na kuonesha kwamba mkono wake ni mzima, ndipo wakapiga makofi, na wapinzani wetu walipiga pia, bado wamekaa mchangani.

Lakini mstari tulikuwa tumeshauvuka kwa miguu yetu. Kikombe ni chao, na haki yao.

Mwatum alinikasirikia. "Kwa nini uliwapa? Ningestahamili."

"Wewe ungestahamili," nikamwambia. "Mimi nisingestahamili."

Ndani ya gari alikuja kukaa karibu yangu, akalaza kichwa begani kwangu, na alivyo mzito yule. Bega lake limevimba, ila daktari amesema hakuna kilichovunjika. Mwalimu Msabah aliokota chupa za maji moja moja, na alipopita karibu yangu alinipa mkono kama anavyowapa walimu wenzake.

Nilikuwa naogopa kukwambia. Ulitujengea timu ya kushinda, na mimi nimeipeleka fainali nikaikimbiza mbele. Kama umekasirika, niandikie hivyo hivyo.

Nadhira


Vuga, Mjini
17 Mei 2024

Nadhira, na Khairiya, na Mwatum, na Fathiya, na nyote,

Barua ile ya Machi nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Bi Amne naye alitaka asomewe. Nilipofika pale mnapokimbia mbele alinisimamisha, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Mvuto wa wasichana hao mzuri," na mpaka leo sijui alikusudia nini, lakini tangu hapo kila akiwataja anasema siku mkija atawapikia wali.

Sikukasirika. Nilifikiri sana lakini. Ningekuwa mimi, Nadhira, pengine ningepiga kelele "Kaza!" na tungekichukua kikombe, na Mwatum angenyamaza. Ndiyo maana Mwalimu Msabah aliponiletea salamu kwamba Septemba nikirudi chuoni unahodha ni wangu nikiutaka, nimemjibu kwamba nahodha mnaye.

Sasa habari yenyewe. Jumatano alfajiri, mvua ya masika inamwagika, nimejifungua mtoto wa kike. Ana nywele nyingi na hana subira hata kidogo. Bi Amne amemwita Zuwena. Uchungu ulikuwa mrefu, na kuna wakati nilisema siwezi. Mkunga akanambia, "Sukuma." Nikaanza kucheka, mkunga akadhani nimerukwa na akili. Nikamtaja Hamad kwa jina mlilompa nyinyi, kwa sauti, pale pale. Nikasukuma.

Eda yangu ilikwisha hapo hapo kitandani, hata kitovu hawajakata. Niliingia spitali mfiwa, nikatoka na mtoto mkononi, jua limetoka baada ya mvua, na wauza mikate ya boflo wanapita na baiskeli zao kama kwamba dunia haikusimama hata kidogo. Nilidhani nitaichukia kwa hilo. Sikuichukia.

Simu nimeiwasha. Sauti zake sijazisikiliza bado. Nitazisikiliza na Zuwena akikua kidogo. Nambari yangu ni ile ile, lakini barua msiache.

Njooni Jumapili baada ya alasiri. Bi Amne anauliza mko wangapi ili ajue kiasi cha mchele. Nimemwambia wanane, na Bi Shemsa. Akasema ngazi za nyumba hii ni mbao za zamani, hazijapata kupandwa na watu wa namna hiyo. Basi pandeni mmoja mmoja, na Mwatum atangulie.

Faiza